Bunduki Haikujifyatua

Montana, 3 Novemba 1997

Mpenzi dada Ardis,

Hujambo? Shemeji Wendell anaendeleaje na mguu? Mimi ni mzima wa mwili tu. Nilifika hospitali Jumanne, muuguzi akanirudisha mlangoni, akasema ni amri yako.

Dada, bunduki ilijifyatua. Nilikuwa naitoa garini, shemeji amesimama mbele, ikalia. Sherifu wa polisi ameandika kuwa ni ajali. Sasa chama cha wawindaji kinataka kunivua ualimu wa usalama wa bunduki, miaka kumi na tisa nikifundisha. Waandikie mistari miwili, useme hakuna wa kulaumiwa. Wewe watakusikiliza.

Kaka yako,
Orrin

10 Novemba

Kaka Orrin,

Salamu nimezipata. Mimi sijambo. Wendell wamemkata mguu jana, chini ya goti.

Eti ilijifyatua. Nani aliacha risasi ndani ya bunduki tangu mlipokuwa mkiwinda mlimani? Nani aliivuta mdomo ukimwelekea mtu? Wendell anasema alikuuliza, “Umeitoa risasi?” Ukamjibu, “Unamfundisha mwalimu?” Hilo sherifu hukumwambia.

Sitaandika hata mstari mmoja.

Dada yako,
Ardis

2 Desemba

Dada,

Natumaini nyote mko salama, na pole sana kwa mguu wa shemeji. Lakini maneno yako ni yale yale ya watu wanaotaka kutunyang'anya bunduki. Baba angekusikia angeona haya. Kumiliki silaha ni haki yetu.

Kaka yako,
Orrin

6 Desemba

Kaka,

Sisi tuko hai, ahsante. Baba usimwingize. Baba alinipiga kofi nikiwa na miaka tisa kwa kuielekeza bunduki tupu kwenye zizi la farasi.

Mimi nina bunduki tatu, zimefungiwa kabatini, na atakayekuja kuzichukua tutaonana. Haki hiyo ni yangu kama ilivyo yako. Kinachonichoma ni wewe kujificha nyuma yake. Kila ukisema “ilijifyatua”, unawapa hao unaowaogopa sababu ya kusema hatuaminiki. Na Wendell anajifunza kupanda ngazi kwa makalio, mtu aliyekuwa akibeba ndama begani.

Usiniandikie tena mpaka uwe umeusema ukweli mbele ya wale watoto unaowafundisha.

Ardis

14 Machi 1998

Dada Ardis,

Hamjambo? Theluji huku imeanza kuyeyuka.

Jana lilifunguliwa darasa jipya, watoto ishirini na wawili pamoja na wazazi wao. Nikawaambia: nilibeba bunduki yenye risasi garini, nikaivuta mtutu ukimwelekea mtu, kidole changu kikagusa kifyatulio, nikamvunja shemeji yangu mguu. Aliniuliza, nikamdharau. Msichana mmoja akauliza, “Sasa kwa nini unatufundisha wewe?” Nikampa mwenzangu funguo za ukumbi, nikatoka. Leo nimekwenda kwa sherifu, ameandika upya.

Naomba kuja kumwona shemeji.

Kaka yako,
Orrin

20 Machi

Kaka Orrin,

Sisi hatujambo. Barua yako nimemsomea Wendell mara mbili. Amesema uje Jumapili baada ya ibada, umsaidie kutengeneza ua wa ng'ombe, maana kuchimba mashimo hawezi tena.

Uje. Chakula nitakupa. Mimi bado nina hasira na wewe, na sijui itaisha lini, kwa hiyo usiniulize.

Dada yako,
Ardis