Chumvi Bila Kuonja

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya sita yadini Juba. Karatasi za mzigo bado. Saruji haijashushwa hata mfuko mmoja. Nimefua mashati mawili, nimeyaanika kwenye kioo cha pembeni cha lori. Mchana nikawapikia madereva wenzangu ndengu na chapati kwenye jiko langu chini ya trela. Sahani zimerudi safi. Hapa yadini hakuna anayejua kwamba naitwa Wekesa. Wananiita Mpishi. Jina hilo nalipenda kuliko lile la kwenye leseni.

Binti yangu Nafula amepiga simu kutoka Kisumu. Wakwe wanakuja kwetu Webuye Jumamosi tarehe 22. Ni Wahindi. Mchumba wake, Nilesh, sina neno naye, ana adabu na anakunywa chai yangu bila kukunja uso. Lakini kwao hawali nyama, hawali samaki, hawali hata yai. Kabla sijaanza safari hii, shemeji yangu alicheka mbele ya wazee: sasa utawachinjia sukuma wiki? Nikaapa palepale. Nitapika mwenyewe, kwa mkono wangu, na watashiba. Mama Nafula alinitazama tu. Nafula naye leo, nilipomkumbusha, alikohoa akabadili mazungumzo.

Kiapo ni kiapo. Tatizo ni kwamba mboga nimezizoea zikiwa pembeni ya nyama.

Jumanne, 4 Novemba

Bahati imenifuata mpaka mtaa wa Munuki. Nakato, mama wa Kiganda anayeuza chakula karibu na stendi ya bodaboda, anasoma mapishi ya Kihindi. Anataka wenye maduka wa Kihindi waanze kula kwake. Mwalimu wake ni Mama Hansa, anafundishia nyumbani kwake mtaa wa Kator, nyuma ya duka la mumewe la vifaa vya ujenzi. Anachukua wanafunzi watatu tu. Mmoja amesafiri, nafasi iko wazi. Masomo matano, la mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimejiandikisha. Madereva wamecheka mpaka wakashika mbavu. Mpishi anaenda shule. Wacheke.

Jumatano, 5 Novemba

Viatu vinaachwa mlangoni. Soksi yangu ina tundu kwenye kidole gumba. Mama Hansa aliliona.

Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Ameishi Jinja miaka mingi na Kiswahili chake alikiokota huko. Wanafunzi ni mimi, Nakato, na Keji, dada kutoka mtaa wa Lemon Gaba aliyekulia ukimbizini Uganda akarudi. Keji anauza mboga, anataka kufungua mkahawa wake.

Mama Hansa akaanza kutufundisha majina: masala, achari, kachumbari, bajia. Nikamwambia hayo ni maneno ya Kiswahili, nimeyajua tangu utoto. Alicheka sana. Nikajiona mtu mkubwa.

Kisha chapati. Nikafanya yangu: mafuta, kukunja, kuzungusha kama konokono, kusukuma tena. Ikatoka na tabaka zake. Akaigeuza, akaichana, akainusa. "Hii mzuri sana, Dereva. Lakini hii si chapati. Hii paratha."

Miaka thelathini barabarani nimewalisha watu paratha nikijisifu kwa chapati. Yake haina mafuta, nyembamba, inawekwa juu ya moto mtupu inafura kama mpira. Ya Nakato ilifura. Ya Keji ilifura. Yangu ililala. Nimeudhika.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbaya. Naandika ili nisiisahau.

Leo dengu za njano, zile zisizo na maganda. Nilizipika vizuri, najua nilizipika vizuri. Samli, haradali, jira, zikaruka zikalia. Nikachota kidogo kwa mwiko, nikadondosha kiganjani, nikalamba, na mwiko wenyewe nikaulamba ncha, nikaurudisha ndani ya sufuria. Ndivyo kila mpishi ninayemjua anavyoonja chumvi. Ndivyo mama yangu alivyoonja.

Mama Hansa akazima gesi. Hakufoka. Akasema neno moja, "Jutha," kisha akatueleza pole pole. Pale kona ya jikoni kuna kijumba kidogo chenye picha na taa. Chakula kikiiva, sehemu ya kwanza ni ya Mungu. Baada ya hapo ndipo watu wanakula. Kilichoguswa na ulimi wa mtu ni makombo tayari. "Wewe napatia Mungu makombo? Napatia mgeni makombo?" Hata kumimina kiganjani ukalamba karibu na sufuria, kwake haifai. Sufuria nzima ikapelekwa kwa mlinzi getini, ambaye alifurahi.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Wangu haukuwa mtupu na ndio ulioniponza. Nilitamani sakafu inimeze. Keji akanipa pole kwa Kiarabu cha Juba, kwa sauti ya chini, "Malesh, Mzee."

Jioni nimempigia Nafula nimsimulie kama kichekesho. Hakucheka. Akasema, "Baba, ndiyo maana nimezungumza na hoteli moja walete chakula siku hiyo. Wewe unalamba mwiko."

Alijua. Mama yake alijua. Walikuwa wananingoja niende safari wapange bila mimi. Mtoto wangu ananionea aibu. Nimeiandika ilivyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Sikupika. Madereva wameniuliza mara tatu. Nimekula kwa Nakato. Nimemwambia sirudi Kator. Nitapikaje bila kuonja, mimi ni mganga? Nakato akaosha sahani yake moja muda mrefu kisha akasema, "Baba Nafula, wewe si nalia sababu ya Muhindi. Wewe nalia sababu ya mtoto."

Wanawake wa Munuki hawana huruma.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Baadaye tumekula pamoja nje, mchungaji akaomba, tukafumba macho. Nimefungua jicho moja. Mama aliyepika alikuwa anatafuna. Alishaonja pengine mara nne kabla ya Mungu kuambiwa asante. Hatukosei, ndivyo tulivyolelewa. Lakini nimeielewa ile taa ya kona zaidi ya nilivyotaka.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudi. Nimeomba radhi mlangoni nikiwa na soksi mpya. Mama Hansa alijifanya hajui namwomba radhi ya nini, akanipa ungo nichambue dengu.

Keji alileta kitambaa, akataka wanifunge mdomo. "Mzee, tufunge kabisa, kalas, iishe." Tumecheka wote. Nilihitaji kucheka.

Somo la leo ni mkono. Mama Hansa alinishika kiganja cha kushoto, akachovya kidole kwenye manjano, akachora mstari. Kwa kikombe kimoja cha dengu, chumvi ijae mpaka hapa. Vikombe viwili, mara mbili. Kikombe kilekile, kiganja kilekile, siku zote. "Mkono yako ndiyo mizani. Ulimi iko nadanganya. Ukiwa na njaa, iko nasema tamu. Ukiwa na hasira, iko nasema mbaya." Kisha akaniambia niinuse. Anadai chakula kisicho na chumvi kina harufu ya maji. Nilinusa. Sikusikia kitu.

Nimefikiri njia nzima nikiwa kwenye boda. Mimi nikishika usukani najua trela imebeba tani zaidi ya zilizoandikwa, kabla ya kufika kwenye mizani. Hakuna aliyenifundisha. Nimelijua lori kwa kulisikiliza. Sufuria itanishindaje?

Jumanne, 11 Novemba

Mazoezi yadini. Sufuria ya kwanza: chumvi ya kutosha kuhifadhi ng'ombe. Madereva wameitema. Mmoja wa Tororo ameniuliza kama nimepata habari ya msiba. Sufuria ya pili: maji matupu. Nikainusa ile ya pili kwa muda mrefu. Kweli. Ina harufu ya maji.

Mazoea yana taabu. Mara mbili mkono ulikuwa umeshafika mdomoni kabla sijauona. Nimeupiga kama wa mtoto.

Jioni sufuria ya tatu. Hakuna aliyesema lolote. Wamekula tu. Kwa madereva, kimya ni sifa.

Jumatano, 12 Novemba

Mambo mawili yamekuja pamoja.

La kwanza, karatasi zimetoka. Vijana wa kupakua wameanza saa mbili asubuhi, mpaka saa kumi trela ilikuwa nyeupe kwa vumbi na tupu. Bosi amepiga simu: ondoka Ijumaa saa saba mchana na msafara wa kwenda Nimule, mpakani. Msafara haungoji mtu, na peke yangu kwenye barabara ile siendi.

La pili, Mama Hansa ametangaza mtihani. Hakuuita mtihani, lakini ndio. Ijumaa asubuhi kila mmoja wetu atapika chakula chake kamili, peke yake. Kitawekwa kwenye ile kona, kisha kitaliwa na nyumba yake: yeye, mumewe, na mama mkwe wake aliyekuja kutoka India mwezi uliopita. Mama mkwe hajawahi kula chakula cha mtu asiye wa ukoo. Tangu afike Juba anakula cha Mama Hansa peke yake. Siku zote hizi hakuna hata mmoja pale ndani aliyeonja tulichopika, chote huenda getini. Ijumaa itakuwa mara ya kwanza.

Nimemwandikia Nafula: usiwathibitishie hoteli mpaka nikuambie Ijumaa. Yule bibi akila, hata wakwe zangu watakula. Asipokula, waite hoteli, nami nitavaa koti na kukaa sebuleni kama baba wengine.

Hajajibu. Alama mbili za buluu tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekagua tairi, nimekunja turubai, nimejaza maji. Nimechemsha chai nikaweka sukari kwa kiganja, bila kuonja. Imekuwa sawa. Naogopa.

Ijumaa, 14 Novemba

Lori nimeliacha limegeuzwa kichwa kuelekea getini. Saa mbili na nusu nilikuwa Kator. Kwa sababu ya msafara nilipewa jiko kwanza; zamu za Nakato na Keji ni jioni.

Dengu za njano. Bamia kavu na viazi. Wali wa jira. Chapati, yaani chapati ya kwao, isiyo na mafuta. Bamia nilizifuta moja moja kwa kitambaa zisitoe utelezi, Keji ndiye aliyenionyesha. Chumvi niliipima kwenye mstari ambao haupo tena, manjano yalishatoka, lakini kiganja kinaukumbuka. Samli ilipolia niliinamia sufuria nikafunga macho. Harufu ya maji ilikuwapo. Nikangoja. Nikakoroga. Ikaondoka. Nikaweka mwiko chini kabisa, mbali nami.

Chapati tatu za kwanza zililala. Ya nne ilifura. Ikafura yote, duara zima, ikakaa juu ya moto kama inajidai. Nakato akapiga kigelegele, Mama Hansa akamwambia apunguze sauti, na yeye mwenyewe anatabasamu.

Akachukua kidogo cha kila kitu kwenye sahani ndogo ya chuma, akaenda kwenye kona, akawasha taa, akasali. Sisi tulisimama. Nimesali na mimi, kwa namna yangu, kwa Mungu wangu.

Kisha wakaketi. Mama mkwe ni bibi mdogo, mweupe kichwani, mikono myembamba kama miguu ya ndege. Kwao kila sahani huwekwa chumvi kidogo pembeni, kijirundo kimoja, ili anayeona imepungua ajiongezee. Sikumtazama bibi usoni. Nilitazama kile kijirundo. Alimega chapati, akachovya. Akamega tena. Mume wa Mama Hansa naye anakula, anaongea habari za misumari. Kijirundo kilibaki kama kilivyowekwa. Bibi akanyoosha sahani akaongezwa dengu. Akanyoosha tena. Alipomaliza alifuta sahani kwa kidole, na chumvi ya pembeni bado ilikuwa pale, nzima, kama hakuna aliyeiona.

Alisema kitu kwa Kigujarati. Mama Hansa akatafsiri: "Nauliza, huyu dereva mama yake nani, nani alimfundisha?"

Niliokota mwiko nikaenda kuuosha. Mimi, mwenye mdomo wote huu.

Nakato na Keji walipakua kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Wao walikula. Mimi saa sita ilikuwa imegonga, boda inanipigia honi nje. Mama Hansa alinisindikiza mpaka mlangoni nikivaa viatu. Akasema, "Mkono yako iko na akili, Dereva. Sasa mdomo pia." Nikaondoka. Mwaka huu sijafurahi kiasi hiki, nimeendesha mpaka Nimule nikiimba peke yangu.

Jumapili, 16 Novemba

Elegu, upande wa Uganda. Foleni ya forodha. Joto limepungua.

Nimempigia Nafula baada ya ibada. Nimemsimulia yote bila kuongeza chumvi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Zilikuwaje, Baba? Hizo dengu."

Nikamwambia sijui. Sikuzionja.

Akasema atanipigia, akakata.

Saa kumi ujumbe wake umeingia. Hakuna salamu. "Wanafika saa saba mchana. Wako kumi na mmoja. Wawili hawali kitunguu."

Nimechukua kikombe changu nikahesabu. Vikombe vinne vya dengu, na sufuria ndogo ya pembeni kwa wale wawili.