Mkato wa Pili Sikioni

Kijijini, karibu na Mugumu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limepoa, au bado unachechemea ukienda kisimani? Mvua ya huko Itiryo imewatosha? Mimi mwili ni mzima, nakula, lakini sina uso wa kuonana na watu. Chacha, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, usiruke mstari hata mmoja, maana na wewe inakuhusu.

Mama, maksai mwekundu aliingia shambani kwangu akala wimbi, kisha akapita kwa jirani yangu Nyangi, mama mjane, akammalizia lake lote. Nilimkamata mwenyewe. Nikashika sikio, nikaona mkato wa boma la mzee Mwita, ambaye tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa tunagombana naye juu ya mpaka. Kusema kweli nilifurahi. Nikamshtaki mahakama ya mwanzo atulipe fidia, na Nyangi nikamvuta adai pamoja nami.

Hakimu akamwuliza mzee. "Alizaliwa kwangu, sikatai," akasema. "Lakini nilishamtoa mahari kwa watu wa mbali. Alikokwenda baada ya hapo sijui." Nikadakia kwamba huyu mzee ni mwongo, alama hiyo hapo kila mtu anaiona. Hakimu akaninyamazisha. "Alama inaonyesha alikozaliwa. Mimi nataka kujua siku ile alikuwa wa nani, na nani alipaswa kumchunga. Wewe unayedai ndiye wa kutuonyesha."

Maksai akaletwa uani. Mmoja wa wazee wa baraza wanaokaa na hakimu akalipapasa sikio lile lile nililolishika mimi, akalikunja. Kwa nyuma kulikuwa na mkato mwingine, mdogo. "Mura, kijana wangu, na huu je, ni wa nani?"

Ni wetu, Mama. Ni ule wa baba, ambao baba mdogo anaukata hadi leo. Hapo ndipo nikawakumbuka ng'ombe wa mahari ya dada Ghati, waliotufikia wakiwa wamepita boma hadi boma, wale uliowaweka kwa rafiki wa baba kijiji cha pili kutoka hapa, ukaniagiza niwe nawatazama. Sikwenda hata siku moja. Hata huyo rafiki wa baba alipotuma mtu kusema anaumwa na hana wa kuwachunga, nilijibu nitakuja nikimaliza kupalilia.

Nikamwambia mzee wa baraza, "Siujui."

Kesi imeahirishwa mpaka Jumatatu, mwenye mkato atafutwe. Jioni Nyangi akaniletea uji wa wimbi kidogo alilobakiwa nalo, akisema sisi wawili tumepatwa sawa. Naona aibu, Mama, hata kumpita mlangoni.

Jumatatu nitasema, mbele ya watu wale wale. Mzee Mwita nitamwomba radhi hapo hapo, wasikie wote walionisikia nikimwita mwongo. Hakimu akiamua maksai aende kwa Nyangi, Chacha, atakuwa ametoka kwenye ng'ombe wako wa kuolea, na kosa ni langu, si la dada wala la mahakama.

Nisalimie baba mdogo na kisu chake, dada Ghati akija kukuona, na bibi wa ng'ambo ya mto. Leo naandika jina langu tupu. La baba nitaliongeza nikishatoka mahakamani.

Mwanao,
Marwa