Barua za Mashine Yangu

Jumatatu, 1 Septemba
Mashine imechemka tena. Nimeizima, nimefuta vumbi la malori ya barabarani, nimeiwasha. Diski moja inalia. Kwa nini nisubiri ife kimya? Ipo programu ya kuifanya initumie barua pepe ikizidi joto, diski ikichoka au umeme ukikatika. Nimeanza kuiweka. Nywila imekataliwa. Nimerudia, imekataliwa.

Jioni akapita shemeji Ezekia. Eti kompyuta ni ya marehemu kaka yake, kwa hiyo ni ya ukoo, atakuja kuichukua. Mimi ndiye ninayehariri video za harusi humo, tangu mume wangu Yohana yuko hai. Ndiyo inayonilisha. Haondoki nayo ng'o.

Jumatano, 3 Septemba
Kumbe programu inataka nywila yake ya pembeni, si ile ninayofungulia barua pepe. Nimeipata. Barua ya kwanza ikaangukia kwenye barua taka, nikaiokota huko. Router ya intaneti nayo nimeichomeka kwenye UPS, betri inayoishikilia mashine umeme ukikatika, ili barua itoke hata kukiwa giza. Kujaribu, nimechomoa waya wa UPS ukutani. Simu ikalia: umeme umekatika. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Ezekia kapita, nimemweleza, naye kacheka, kwa dharau. "Shemeji, mashine inakuandikia barua? Za mapenzi?" Acheke.

Jumamosi, 6 Septemba
Kamsamba, kwenye harusi. Joto la kutoa roho. Keki inakatwa, simu ikalia: umeme umekatika. Nikampigia Mama Neema, jirani yangu wa nyumbani Chapwa. Kwake umeme upo, redio inaimba. Basi ni mkono wa mtu umechomoa. Nikamwomba akimbie.

Kamkuta Ezekia sebuleni, kamba mkononi, bodaboda inangoja nje. Kumbe alibaki na ufunguo wa marehemu. Mama Neema akakaa mlangoni. "Utanikanyaga kwanza, baba." Hakuthubutu, akaondoka mikono mitupu.

Kamera sikuishusha. Bibi harusi hana kosa.

Jumapili, 7 Septemba
Nimebadilisha kitasa. Baada ya ibada nimekwenda kwa wakwe, nimesema mbele yao wote: Nguo za marehemu mligawana, nikanyamaza. Shamba mkachukua, nikanyamaza. Mashine hamuigusi. Mkitaka kikao, itisheni, nitakuja. Ezekia akataka kujua nani alinipasha habari. Nikamwambia, mashine yenyewe.

Nina hasira bado. Sijutii neno hata moja.

Jumamosi, 13 Septemba
Upepo tu leo. Hakuna aliyeitisha kikao. Nimeweka diski mpya, mashine imetulia.

Watu wa Kamsamba wamekuja kuchukua video yao. Wameangalia kidogo, mama wa bwana harusi akafuta machozi. Wakauliza, watu wakiwauliza, waseme ni kazi ya nani. Siku zote nilikuwa najibu, ya Yohana.

Leo nimetaja jina langu. Wakaliandika kwenye simu, wakaaga, nikarudi ndani kuendelea na kazi.