Kaniki za Wateja Wachache

Zuhura mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mazwi baridi imeanza. Bibi yako anakohoa kidogo, ila jiko hataki kumwachia mtu.

Unauliza kwa nini Wajapani wanahangaika kutafsiri ile michezo yao mirefu ya kompyuta, waiuze huko Uingereza, wakati wengi wa huko hawaijui hata kwa jina. Wajapani siwajui. Najua duka.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mpaka wa Kasesya ukachangamka, nilijaza duka vitenge vya Zambia. Kaniki, ile nguo nyeusi, niliacha kuagiza. Walioitaka ni akina mama wachache wa Kisukuma, waliohamia na ng'ombe wao bonde la Rukwa. Siku moja mmoja wao alikuja, amepanda mlima kwa miguu siku mbili. Nikamtandazia vitenge kaunta nzima. Akavitazama, akasema, "Vizuri, baba. Ila ni vya wenzangu." Akageuka, akaondoka mikono mitupu.

Bibi yako alininunia wiki nzima. Nikaagiza kaniki, na sikuacha tena. Duka jipya lilipofunguliwa jirani, wateja wa vitenge walihamia huko bila kuaga. Wale wa kaniki walinijia mpaka nilipofunga.

Umeandika kwamba wewe mwenyewe ulisubiri miaka mitatu mchezo wako utafsiriwe. Basi huko Japani yuko mwenye duka aliyekuona ukigeuka mlangoni.

Babu yako