Huo Unga Msiuchekeche

Homa Bay,
Jumapili mchana

Mke wangu Nasieku,

Pokea salamu zangu, wewe, mama yangu yeyo na mtoto wetu Naserian. Mmeamkaje huko? Goti la yeyo limepunguza kuuma? Na wale mbuzi tuliobakishiwa na wezi bado wapo? Mimi mwili wangu ni mzima, lakini roho haijatulia tangu juzi, na sitakuficha: naogopa. Kama umesimama, keti. Kama mtoto yuko karibu, mpakate kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Masara niliacha. Kule kwenye mashimo ya dhahabu watu hushuka kwa kamba, na mimi nikichungulia tu miguu inakataa. Sasa niko hapa kando ya ziwa, kwenye ghala la mama mmoja anayeitwa Mama Adhiambo. Tunatengeneza unga wa uji wa msaada, ule unaopelekwa sehemu zenye njaa. Mahindi na soya hutoka Uriri. Kitu cha tatu ni omena. Omena ni samaki, Nasieku. Ni wadogo kama kidole cha mtoto, wanaanikwa ufuoni mpaka wakauke, kisha sisi tunawapepeta mchanga na kuwasaga.

Najua umekunja uso. Hata mimi siku za kwanza nilijifunga shuka puani, na akina mama wa ufuoni walinicheka mpaka wakashika mbavu. Kwetu samaki na nyoka ni ndugu, nani asiyejua? Nilifanya kazi tu, sikuonja. Na unga huo huo, nilikuja kujua baadaye, ndio mnaogawiwa ninyi.

Juzi dereva wa lori alirudi kutoka huko. Nilimkimbilia kabla hajazima injini, maana simu yako haipatikani tangu mnara uchomwe. Akaniambia bado mnaenda kituoni huku risasi zikisikika upande wa bonde, na mnagawiwa haraka haraka bila maelezo ili magari yaondoke mapema. Halafu akasema Naserian amepimwa tena mkono kwa ule utepe wa utapiamlo, na bado umesoma nyekundu, rangi ya hatari. Nyekundu, na kila siku anakunywa uji! Sikuelewa. Yeye akaanza kucheka.

"Lakini mbwa zenu zimenona, bwana! Mama yako anachekecha huo unga na kitambaa, anasema iko na uchafu. Ile inabaki juu anapea mbwa."

Ghala zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mama Adhiambo peke yake hakucheka. Aliweka ungo wake chini akaniangalia.

"Omera, ndugu yangu, ile inabaki juu ndiyo omena. Ndiyo inajenga mtoto. Hiyo ingine inajaza tumbo tu."

Nikakaa juu ya magunia. Nikamwambia yeyo akijua ni samaki, hatachekecha tena: ataumwaga wote. Mama Adhiambo ni Msabato, na alinijibu polepole, bila kunicheka.

"Hata mimi mumi siweki kwa mdomo. Hiyo samaki haina magamba, kanisa yetu imekataa. Lakini mtoto wangu akifika hapo, nitampikia mumi, halafu niongee na Nyasaye, Mungu wangu, baadaye. Wewe andika."

Nilifikiria kukuandikia wewe tu kwa siri, umpikie mtoto nyuma ya nyumba. Lakini yeyo ana pua, na siku utakapokwenda kisimani atachekecha tena. Mficha maradhi kifo humfichua. Kwa hiyo msomee sehemu hii, taratibu, umshike mkono.

Yeyo, mama yangu, hukukosea. Uliona kitu kigeni kwenye chakula cha mjukuu wako ukakitoa, kama ulivyotutoa miba sisi wanao. Lakini hicho unachowapa mbwa ndicho anachokikosa Naserian. Jana nilikula omena kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya watu, ili nisikuombe jambo nililolikimbia. Ni chungu kidogo upande wa kichwa. Ukisema mla samaki asiguse kibuyu chako cha maziwa, sawa, nitakunywa maji kwa kopo nje ya boma na sitanung'unika. Mwiko uniangukie mimi. Uji wa mtoto uacheni na vyote vilivyomo.

Nasieku, dereva anaondoka kesho na barua hii itakuwa mfukoni mwake. Naogopa barabara itafungwa tena. Naogopa karatasi hii italala njiani, mjini Maralal, huku mbwa wakiendelea kushiba. Ukiipata, mpikie siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Akitapika, mpe tena kidogo kidogo.

Nisalimie mdogo wangu anayelinda kisima, asijifanye shujaa wezi wakija. Msalimie mjomba fundi wa viatu, na mke wa mchungaji anayekusindikiza kituoni. Waambie majirani nao wasichekeche.

Ni mimi mumeo,
Baba Naserian. Jina hilo nataka kuzeeka nalo.