Stara ya Mama Rebeka

Woodley, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na wote waliomo humo ndani, na natumai goti limekuachia walau upande ngazi bila kushika ukuta. Je, ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshampa jirani kama kawaida yako? Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sijui niseme nini.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako unaiweka spika, Mama, nyumba nzima inasikiliza na wapita njia pia. Haya nataka uyasome peke yako, kisha wewe ndiye utakayeamua nani aambiwe. Bi Maimuna anasafiri kuja huko Mombasa Jumatatu, nitampa mkononi.

Mama, nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka jana nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, mimi, uliyenifunza kutunga uzi kabla sijajua kusoma. Kuna mama mmoja huku, umri wake kama wako, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao. Wazee wa kanisa wamemwambia akae chini, asiongoze wenzake, mpaka watakapokutana Jumapili hii waamue kama wamrudishe au wamvue uenyekiti kabisa. Sababu ni kwamba kifua chake kimeonekana na wanaume. Na nguo iliyomwonyesha niliishona mimi.

Tulia basi, nikueleze ilivyokuwa.

Kazi yangu ya kushona pale Adams Arcade inaendelea. Mwenye duka ni yuleyule Mama Nafula wa Kakamega, mkali wa mdomo lakini chai hanywi peke yake. Wateja wetu wengi ni wasichana wa maofisini Kilimani. Nguo za dukani huku zimekatwa shingo mpaka kifuani, sijui kitambaa kiliwaishia. Msichana akiinama kutia saini inabidi abane kifua kwa mkono. Wengine huvaa vesti ndani jua likiwaka, wengine hutia pini, na pini ikifunguka mbele ya mkubwa wake ni balaa. Mimi nikawatafutia dawa. Nachukua kipande cha kitambaa kilekile cha nguo, nakikata mshazari ili kifuate mwili, nakishona kwa ndani kutoka bega hadi bega mpaka chini ya koo. Huna haja ya kuvaa kitu kingine, nguo yenyewe inakusitiri. Nikakiita stara, na sasa wanaingia dukani wanasema, "Niwekee stara." Mama Nafula anadai nimewageuza wasichana wa Kilimani wote Waswahili wa Mombasa.

Sifa hizo ndizo zilizomleta Mama Rebeka. Ni mama mnene, mchangamfu, kwao ni Bungoma, na akicheka cherehani zote zinasimama.

"Rebeka wangu anaolewa," akaniambia. "Sasa kabla ya harusi tuko na sherehe ya wamama, tunampatia mashauri na zawadi. Ni wamama peke yake. Nataka hiyo nguo yako ya stara, na wewe mwenyewe lazima ukuje."

Wamama peke yake. Mama, wewe ukiambiwa hivyo unaona nini? Unaona tunavyopamba bibi harusi kwetu, mlango umefungwa, mabuibui yametundikwa, kila mtu ametoa shingo na mikono na nywele alizohangaika nazo tangu asubuhi, hata mpishi akiwa mwanamume sufuria anaziacha nje. Nami niliona hayohayo. Nikajiambia, mama wa watu amejisitiri maisha yake yote, siku ya binti yake naye apendeze mbele ya wenzake. Nikamkatia shingo pana, ile yetu ya kupambia, na stara yake sikuishona. Niliitia vishikizo vya kubana mabegani ili iweze kuvuliwa. Sikumuuliza, nilitaka iwe zawadi. Mama Nafula alikuwa kwao kwenye matanga, la sivyo angenizindua mapema.

Sherehe ilikuwa Loresho, kwa dada yake Mama Rebeka, nyumba kubwa yenye bustani inayokatwa majani kwa mashine. Nilipofika nikaona ni wanawake pekee. Nikaingia chumba cha kulala kule mwisho wa ukumbi, nikavua buibui na mtandio, nikatoka na lile gauni la lesi ya kijani ulilonishonea wewe, mgongo wazi, nywele nimezimwaga. Walinishangilia. Wengine walikuwa hawajui kama nina nywele.

Nikamvuta Mama Rebeka kando nikamwambia, "Mama, hapa si tuko wenyewe? Hebu nikuvue stara."

"Kwani inatoka?" akauliza.

Nikabandua vishikizo. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu. "Hii mimi sijaiona tangu nizae," akasema, na wenzake wakapiga vigelegele. Akaona haya kidogo, akachukua leso ya zambarau kwenye zile zawadi akajitupia mabegani, lakini ilikuwa inateleza naye hajali. Stara yake niliikunja mwenyewe nikaitia kwenye mkoba wangu kule chumbani.

Tulikuwa katikati ya nyimbo mlango ukafunguliwa. Hata hodi hakuna. Akaingia mchungaji, na wazee wawili wa kanisa, na baba yake bwana harusi, na mpiga video akitembea kinyumenyume mbele yao na mashine yake begani. Wamekuja kumwombea bibi harusi kisha wale. Wanawake wale wakawasogezea viti kama vile walioingia ni mabinti walioleta maji. Aliyeshtuka ni mimi tu.

Mama, nilikufa nimesimama. Buibui langu liko chumbani, na mlango wa chumbani uko nyuma ya wanaume. Nakumbuka kuona ile mashine ya video ikianza kugeuka kufuata ukuta kuja upande wangu, kisha kitu kikanifunika kichwani, giza la zambarau, nami nikaanguka nyuma ya kochi nikajikunyata humo.

Nilipopata kuchungulia nilimwona Mama Rebeka. Kifua wazi, mikono ameitandaza, anawaendea wale wanaume anaimba kwa sauti ya juu, anacheza, anamzunguka mpiga video mpaka jamaa ikabidi amfuate yeye hadi upande wa pili wa ukumbi. Baba mkwe wa binti yake alitazama chini. Mchungaji alitazama dari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni: huyu mama hana haya hata kidogo.

Walipotoka bustanini kula nikachukua vitu vyangu nikapitia mlango wa jikoni. Sikuaga. Nilimkasirikia, Mama, nilimkasirikia vibaya sana. Alinialika kwa wanaume akaniambia ni wanawake. Akinipigia simu siishiki. Kila mwanamume aliyenitazama barabarani nilidhani ameniona kwenye video, hata muuza mahindi.

Wiki hiyo Mama Nafula akarudi kutoka matangani, na kabla hajavua koti akanijia.

"Zuhura, umemfanyia nini Mama Rebeka? Kanisa mzima inaongea."

"Muulize yeye," nikamwambia, "aliyenialika kwa wanaume."

"Wanaume gani?"

Nikamhesabia. Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. "Pastor ndio unaita wanaume? Sasa wewe, wamama peke yake ni kusema wamama ndio wako na shughuli. Pastor lazima akuje. Nani atafunga na maombi? Huyo Mama Rebeka alijua atakuja, alidhani tu kutakuwa na saa ya kurudisha hiyo kitambaa."

Basi nilikaa chini. Kumbe hakuna aliyenidanganya. Niliwashonea kwa desturi yangu watu wenye desturi yao, na kinywa nikakifunga nisiulize.

Kisha akanionyesha video, maana imezunguka kwenye simu za kanisa lote. Sikutaka kuiona. Nilitazama kwa jicho moja.

Mimi simo, Mama. Nimeitazama tena na tena, simo. Wanaume wanaingia, na Mama Rebeka papo hapo anaikamata leso yake na kujifunika mpaka shingoni, kama ambavyo ungefanya wewe. Amejisitiri tayari, hakuna kilichoonekana. Kisha anageuza kichwa kutazama nyuma, kule nilikokuwa. Anasita kidogo tu. Halafu anaivua leso, anairusha nyuma yake bila kutazama, na anaiendea video akiimba. Nyuma yake kinaonekana kitu cha zambarau kimelundikana kando ya kochi. Basi. Ndiyo mimi huyo.

Mama Nafula hakuwa ameelewa mpaka nilipomwambia nani alikuwa ndani ya lile lundo. Aliniondolea kazi mkononi, akaniambia niende kwake.

Nikaenda kwa Mama Rebeka jioni ileile. Nilimkuta anachambua mboga za saga, akanipa kiti na fungu la kuchambua kana kwamba nilimuaga vizuri siku ile. Nililia mpaka nikashindwa kuchambua.

"Ulikuwa umesimama kama mtu ameshika waya ya stima," akaniambia. "Nikajua kwenu hiyo kitu si mchezo. Mimi wale ni watu wa kanisa yangu. Wamenizoea."

"Lakini wanataka kukuvua uenyekiti."

"Bado. Wamesema tu nikae chini."

"Nitakwenda mwenyewe kwa wazee. Nitawaambia shingo niliikata mimi, stara niliivua mimi, na leso ulinipa mimi."

Akaacha kuchambua. "Hapana. Ukiwaambia hivyo, kila mtu atafungua hiyo video tena atafute nani alikuwa chini ya leso. Saa hii hawajui. Wanadhani ni zawadi zimefunikwa. Wacha wadhani hivyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakaa nyuma. Kwani huko nyuma Mungu hasikii?" Akanisukumia fungu jingine la mboga.

Nimejaribu kumtii. Nimeshindwa. Siku hizi zote natembea Nairobi na buibui langu limekamilika, hakuna mwanamume wa huku anayejua nywele zangu zina urefu gani, na mwanamke aliyenihifadhia hayo amekaa benchi la mwisho wenzake wanamnong'oneza. Miaka mingi amewaongoza, amewazika waume zao, amewapikia wagonjwa wao, na sasa wanamsema kama mwanamke aliyejianika makusudi kwenye sherehe ya mtoto wake. Na neno la kumwokoa analo. Amelifunga mdomoni kwa ajili yangu, mimi niliyemwita hana haya.

Kwa hivyo, Mama, nimeamua. Jumapili wazee wakikutana baada ya ibada, nitakuwa mlangoni. Ndiyo, kanisani, usiitupe barua. Mama Nafula atanisindikiza, ili nikishindwa kusema aseme yeye, maana kunyamaza hajui hata akiombwa. Nitawaeleza tunavyojipamba kwetu na jinsi nilivyodhani, kisha nitawaambia wafungue ile video waangalie kando ya kochi, na kwamba lile lundo ni mimi, kichwa wazi na mgongo wazi, na kwamba mwenyekiti wao alikuwa ameshajisitiri kabla ya kuniona. Mama Rebeka sijamwambia. Angenifungia ndani.

Najua uzito wake. Huku ndani ya siku moja watajua wote, na kwa hawa ndugu zetu wa msikitini mjini litafika, na kutoka kwao litateremka Mombasa lina mkia na pembe. Watakwambia binti yako alikuwa wazi mbele ya wanaume wa watu. Sikuandikii kukuomba ruhusa, maana barua ikikufikia nitakuwa nimeshasema. Nakuandikia ili watakapokuja kukupa pole, uwe unajua kwamba hakuna aliyenifichua. Ni mimi niliyesema, na unajua kwa nini.

Nisalimie dada Mwanaidi na wanawe, nibusie yule mdogo anayeuma watu. Nisalimie shangazi Khadija, na bibi mzaa baba, mwambie nguo yake nyeusi iko tayari, na yake nimeishona bila vishikizo vyovyote. Mjomba Athmani mpe salamu za heshima, haya mengine mweleze wewe, kwa wakati wako, akiwa ameshakula. Mama Nafula anakuamkia. Mama Rebeka pia angekuamkia lau angejua ninaandika.

Mama, unapomtaja mtu katika dua, mtaje na huyu. Jina lake mwenyewe ni Rael. Nimelijua juzi tu, kwenye barua ya wazee iliyomsimamisha.

Mwanao akupendaye,
Zuhura