Tumemwita Tangwystl

Kaka Ithel,

Natumaini huko Patagonia u mzima. Huku kondoo wamezaa vizuri.

Mume wangu Gwilym alirudi machimboni kabla ya mgomo kwisha. Leo asubuhi Baba akamjia na nyundo.

"Toka nje, msaliti!"

Akamvunja taya, damu ikaruka hadi ukutani. Alipoinua nyundo tena, nikajitupa katikati nimemkumbatia mwanangu mchanga.

"Haya, mpige na huyu!"

Baba akaganda. "Anaitwa nani?"

Hakuwa na jina bado. "Tangwystl," nikajibu.

Unajua maana yake kwa Kiwelisi chetu: tang ni amani, gwystl ni rehani. Ni mtoto anayewekwa rehani ili watu wasiuane. Nyundo ikamdondoka Baba, akanyoosha mikono ampakate.

"Kwanza muombe radhi Gwilym," nikamwambia.

Hadi sasa amekaa mlangoni, kaka. Analia, lakini radhi hajaomba.

Dada yako,
Nest